Mambo Wanayoyakataa Wasomaji wa Kujitolea

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wasomaji na wakutubi. Waliokosa kufika waliomba iandikwe, nami nimeiandika kama ilivyosemwa. Picha za ukutani nimeziacha. Hazikuwa na kitu ambacho mdomo haukukisema.)

Mabibi na mabwana, wakutubi wetu, walimu, vijana mlioacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za kusikiliza: asanteni.

Nina ombi. Aliyewahi kusomewa hadithi na mtu, ainue mkono. Naona karibu ukumbi wote. Shusheni. Sasa, aliyewahi kusomewa riwaya nzima, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mtu asiyemjua, asiyemwona, na ambaye hakumlipa chochote? Mikono imepukutika. Wamebaki wachache. Basi hao wachache wamekwisha kukutana na kazi niliyokuja kuieleza, na wengine mvumilie.

Wapo watu, wa nchi nyingi na wa kila umri, ambao jioni hufunga mlango, huwasha kompyuta, husogeza maikrofoni karibu na mdomo, na kusoma riwaya ambayo hakimiliki yake imekwisha. Husoma sura moja, huisafisha, huituma. Sura zikitimia, kitabu huwekwa kwenye intaneti, na yeyote mwenye masikio anakichukua bure. Mradi mkubwa kuliko yote wa namna hii unaitwa LibriVox. Uliasisiwa Agosti 2005 na Hugh McGuire, mwandishi wa Montreal, Kanada. Leo una zaidi ya vitabu 15,000 katika lugha nyingi. Hakuna msomaji aliyelipwa. Hakuna msikilizaji aliyetozwa. Hakuna tangazo la sabuni linalokatiza sura.

Wenye pesa pia wanashangaa. Mwaka 2010 mradi ulipungukiwa na fedha za kulipia mitambo, ukaomba dola 20,000 kwa wapenzi wake. Zilipotimia, na zilitimia ndani ya wiki mbili, wakafunga kapu. Wangapi kati yenu mmewahi kuona mchango unafungwa kwa sababu umetosha?

Watu huniuliza: siri ya mradi huu nini? Wanatarajia niseme teknolojia, au niseme upendo wa vitabu. Upendo wa vitabu upo kila mahali na mara nyingi hauzalishi chochote. Jibu langu ni jingine: tazameni mambo wanayoyakataa. Wanakataa kuchagua sauti. Wanakataa kumiliki walichokisoma. Wanakataa kugusa maneno ya mwandishi. Ondoa katazo moja tu kati ya hayo, na mradi wote unageuka kuwa kitu kingine.

Nianze na sauti, maana ndiyo inayowatisha wengi.

Ukimwomba mtu ajitolee kusoma, hakuambii kwanza kwamba hana nafasi. Anakuambia, "Sauti yangu mbaya." Hayo wanayasema walimu waliozungumza mbele za watu maisha yao yote. Wanayasema mama na baba ambao watoto wao hawalali mpaka waisikie sauti hiyohiyo mbaya. Yangu nyembamba. Yangu nzito. Mimi nina kithembe. Mimi nikifungua mdomo tu, kila mtu anajua nilikozaliwa.

Sasa sikilizeni. Kitabu cha kwanza kabisa kukamilishwa na LibriVox ni The Secret Agent, riwaya ya Joseph Conrad ya mwaka 1907. Watu kadhaa waligawana sura, kila mmoja akarekodi kwake. Lakini huyo Conrad ni nani? Alizaliwa mwaka 1857 katika familia ya Kipolandi iliyokuwa chini ya utawala wa Urusi. Lugha ya mama yake ilikuwa Kipolandi. Lugha yake ya pili ilikuwa Kifaransa. Kiingereza alijifunza ukubwani, akiwa baharia, miongoni mwa mabaharia. Kalamu yake ikaja kuwa miongoni mwa kalamu kubwa za lugha hiyo, ila ulimi haukuifuata kalamu: mpaka anafariki mwaka 1924, alizungumza Kiingereza kwa lafudhi nzito, na baadhi ya waliomtembelea walipata taabu kumwelewa.

Jiulizeni basi. Mzee Conrad angefufuka leo akaenda kwenye studio ya biashara, akasema, "Nimekuja kusoma riwaya yangu mwenyewe," wangempokea? Nadhani wangempa chai, wangemsifu kwa vitabu vyake, na wangemwonyesha mlango. Msomaji wa studio anachaguliwa kwa mashindano, na Conrad asingepita hata hatua ya kwanza. Kwa watu wa LibriVox angeambiwa arekodi dakika moja ya majaribio, na baada ya hapo angepewa sura.

Dakika hiyo moja ndiyo mtihani pekee uliopo, na anayetahiniwa pale ni maikrofoni. Inavuma? Sauti iko chini mno? Kuna feni? Ukishapita hapo umepita. Hakuna atakayekuuliza ulisomea wapi, wala hakuna atakayekuambia lafudhi yako haifai kwa riwaya hii.

Wengine watasema: basi hakuna udhibiti. Upo, tena mkali, ila umewekwa mahali pake. Kila sura ikitumwa, yupo mhakiki anayeisikiliza neno kwa neno huku macho yake yakifuata maandishi. Anaandika: dakika ya 7, sekunde ya 12, mstari umesomwa mara mbili. Dakika ya 15, mlango umegongwa. Dakika ya 21, neno limerukwa na maana imepinduka. Anaandika hayo, msomaji anarekebisha, sura inapita. Asichokiandika ni "ungesoma kwa hisia zaidi." Hilo halisemwi mpaka msomaji mwenyewe aombe ushauri.

Nami nimeifanya kazi hiyo ya uhakiki, na nawaambieni, kujizuia huko ni kazi ngumu kuliko kusoma kwenyewe. Nakumbuka sura moja ya maziko. Watu wanalia, jeneza linashushwa, na msomaji wangu anakwenda kasi kama mtangazaji wa mpira dakika za nyongeza. Vidole vyangu vilikuwa vimeshafika kwenye kibodi. Nikavirudisha. Kila neno lilikuwepo, kila jina limetamkwa, hakuna sentensi iliyopotea. Sura ikapita.

Je, huku siko kushusha viwango? Wapo wanaosema hivyo na wana hoja. Zipo rekodi zinazochosha. Mimi mwenyewe zipo nilizozizima nusu ya sura ya pili. Lakini fikirini kilichotokea kwa sababu mlango haukuwekewa bawabu. Kwanza, vitabu vikamalizika. Sauti nzuri ni chache, na zikisubiriwa hizo peke yake, riwaya ya sura 135 haitaisha wajukuu wetu wakiwa hai. Pili, hakuna kitabu kinachokuwa mali ya msomaji mmoja. Riwaya maarufu za Jane Austen zina rekodi kadhaa, za watu mbalimbali, ziko pamoja katika orodha moja. Huyu humpendi, mchukue yule. Wote huwapendi? Maikrofoni ile pale. Sijaona njia bora ya kumjibu mlalamikaji.

Na msisahau haya yote yalianza kwa ajili ya nani. Thomas Edison alitengeneza mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, na mwaka uliofuata aliandika orodha ya matumizi yake. Miongoni mwa ya mwanzo aliweka vitabu vya kuwasomea wasioona. Alichokuwa nacho ni silinda inayonasa dakika chache tu, kwa hiyo ndoto ikalala. Iliamshwa na vita. Kijana Mwingereza, Ian Fraser, alipigwa risasi huko Somme, Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916 akapoteza macho yote mawili. Wenzake waliopofuka vitani walikuwa watu wazima, wengi vidole vyao vimezoea bunduki na jembe, na kusoma maandishi ya nukta nundu kuliwashinda. Fraser akashika bango la vitabu vya santuri miaka na miaka, mpaka huduma ikafunguliwa Uingereza mwaka 1935. Santuri zake zilizunguka taratibu, zikabeba dakika 25 hivi kila upande. Na moja kati ya riwaya za kwanza kutolewa ilikuwa Typhoon. Ya nani? Ya Conrad yuleyule.

Santuri zile zilikuwa za wasioona waliosajiliwa. Hata leo, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu vyenye hakimiliki vigeuzwe kwa ajili ya watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na ni mkataba mzuri sana, lakini lazima mtu awe na hali fulani inayotambuliwa. Je, dereva wa safari ndefu yuko wapi hapo? Je, mtu aliyelazwa chali wodini, mkono mmoja una dripu? Je, mzee ambaye macho yake hayajapofuka ila yamechoka? Je, kijana anayesoma herufi zikamchezea, na hajawahi kupimwa na mtu yeyote? Riwaya iliyo mali ya umma, yaani ile ambayo hakimiliki yake imekwisha, haimwombi yeyote cheti.

Tena mkono ulioshika kazi ni sababu tosha. Mwaka 1865, katika viwanda vya sigara vya Havana, wafanyakazi walianza kumlipa msomaji kutoka kwenye ujira wao wenyewe. Yeye anakaa juu, anasoma magazeti na riwaya. Wao chini wanaviringisha tumbaku. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Hispania ikapiga marufuku. Hebu nielezeni, serikali yenye mizinga inamwogopaje mtu aliyeshika kitabu cha hadithi? Marufuku haikudumu. Wasomaji wakarudi, na Cuba wangali na wasomaji viwandani hadi leo.

Haya. Nije kwenye lile lenye mwiba: kutomiliki.

Msije mkadhani mali ya umma ni shamba lisilo na mwenyewe lililokuwepo siku zote. Imepiganiwa, na mara nyingine waliopigana wameshindwa. Mmarekani mmoja, Eric Eldred, alikuwa akiweka vitabu vikongwe kwenye intaneti bure. Alikuwa akisubiri kazi za miaka ya 1920 zifunguke. Mwaka 1998 Bunge la Marekani likaongeza miaka 20 kwenye muda wa hakimiliki, na kazi alizokuwa akizisubiri zikafungwa tena. Akaenda mahakamani, akitetewa na profesa wa sheria Lawrence Lessig. Januari 2003, Mahakama ya Juu ikawakatalia, majaji saba kwa wawili. Matokeo yake, kazi zilizochapishwa mwaka 1923 zikasubiri hadi tarehe 1 Januari 2019.

Mnafikiri mambo yaliishia hapo? Mwaka 2004 Lessig akaandika kitabu kuhusu utamaduni huru na kuruhusu watu wakisambaze. Mtu mmoja akatoa wazo mtandaoni: kwa nini tusigawane sura tukakisoma kwa sauti? Wakajitokeza wasiofahamiana, na baada ya siku chache tu kitabu kikawa kinasikika. Hugh McGuire aliona hilo. Mwaka uliofuata akauliza kama riwaya nazo haziwezi kufanywa hivyo. Kwa hiyo mkisikiliza riwaya ya LibriVox, mjue mmoja wa mababu zake ni kesi iliyoshindwa.

Sheria yenyewe nitaipitia haraka, maana najua chakula kinawasubiri. Marekani, kitabu cha zamani kinahesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Ndiyo maana kila tarehe 1 Januari mwaka mzima wa vitabu hufunguliwa kwa mkupuo. The Great Gatsby, ya 1925, ilifunguka Januari 2021. Nchi nyingine nyingi zinahesabu kuanzia kifo cha mwandishi: Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka angalau miaka 50, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. LibriVox wanafuata sheria ya Marekani. Msomaji aliye nchi nyingine anatakiwa aangalie na ya kwao, maana kitabu kinaweza kuwa huru huku na kimefungwa kule.

Mwiba wenyewe ni huu. Siyo riwaya tu iliyo huru. Rekodi yenyewe, sauti yako, nayo unaiachia. Kila sura inaanza kwa msomaji kutamka kwamba rekodi hii ni mali ya umma. Maana yake nini? Mtu anaweza kuichoma kwenye CD akaiuza, na ni halali. Anaweza kuikata vipande akaviweka kwenye filamu. Anaweza kuichanganya na ngoma. Hatakuomba ruhusa, hatakutaja jina, na hana kosa.

Na kuna jambo ambalo mwaka 2005 hakuna aliyeliwaza. Mwaka 2015 watafiti walikusanya takriban saa 1,000 za rekodi za Kiingereza za LibriVox, wakazilinganisha na maandishi yake, sentensi kwa sentensi, wakaziita LibriSpeech na kuziachia huru. Mkusanyiko huo ukawa miongoni mwa vinavyotumika zaidi duniani kufundishia na kupimia kompyuta zinazotambua usemi wa binadamu. Mtu aliyesoma sura ya riwaya usiku ili amliwaze mgonjwa asiyemjua, sauti yake imekuwa somo la mashine.

Je, aliridhia? Kisheria, ndiyo, alitamka mwenyewe. Je, alilitegemea hilo? Hapana. Na hapa sitawapendeza wote. Wapo wenzangu wanaosema tusiwatishe wageni kwa habari hizi. Mimi nasema mgeni aambiwe kabla hajabonyeza kitufe cha kurekodi, kwa lugha nyepesi: sauti hii ukishaitoa hairudi, na hujui itakwenda wapi. Likimkera, asisome. Awe mhakiki, aandae maandishi, aratibu mgawanyo wa sura. Kazi ni nyingi na kila moja ina heshima yake. Ila atakayesoma, asome akijua.

Mtaniuliza kuhusu mashine zenyewe. Mwaka 2023 Project Gutenberg, wale wenye maktaba ya maandishi tunayosomea wengi wetu, kwa kushirikiana na Microsoft, walitoa vitabu karibu 5,000 vilivyosomwa na sauti za kompyuta. Vitabu elfu tano! Sisi tumekwisha? Sidhani. Kwa anayetaka kujua tu nini kilitokea sura ya tisa, mashine inatosha, na simwonei wivu. LibriVox wao wanapokea sauti za watu peke yake. Na angalieni mashine inasoma vizuri lugha zipi: zile ambazo watu walizisoma kwa wingi, bure, kabla yake. Lugha ambayo watu wake hawakusoma, mashine nayo inaigugumia. Wenye lugha zisizosomwa mmenisikia.

Limebaki katazo la kugusa maneno. Hili nililipinga kimoyomoyo kwa muda mrefu.

Riwaya za zamani zina matusi. Siyo matusi ya ulevini. Nasema matusi ya kudharau watu kwa rangi, kwa dini, kwa jinsia, yameandikwa kwa utulivu kabisa na waungwana waliovaa tai. Unasoma kwa raha, unageuza ukurasa, na neno lile hapo, linakusubiri wewe ulitamke kwa kinywa chako. Msomaji yeyote mwenye damu atataka kuliruka. Kanuni inamwambia: soma kama ilivyoandikwa, au chagua kitabu kingine. Hulazimishwi kusoma, lakini huruhusiwi kusafisha.

Kwa nini? Turudi kwa Conrad, maana leo amekuwa mgeni wetu rasmi. Mwaka 1897 alitoa riwaya ya baharini ambayo jina lake la Kiingereza lina neno la kuwatusi watu weusi. Mchapishaji wa Marekani akalibadilisha jina. Msikimbilie kumpigia makofi! Hakulibadilisha kwa kuona haya. Alihofia kwamba wanunuzi hawatakitaka kitabu kinachomhusu mtu mweusi. Mnaona? Aliyesafisha naye alikuwa na dharau yake, na dharau yake ingefichika kama jina la kwanza lisingehifadhiwa.

Kisha mwaka 1975, Chinua Achebe alisimama katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, akamshtaki Conrad huyuhuyu waziwazi kuwa ni mbaguzi, akitumia maneno ya riwaya yake, Heart of Darkness, kama ushahidi. Wengine walikasirika. Mjadala haujaisha mpaka leo. Nami nauliza: wasomaji wema wangekuwa wamepitia kitabu kile kabla yake na kukifuta makali, Achebe angemshtaki kwa ushahidi gani? Hakimu gani anasafisha kisu kabla ya kesi? Wewe unayesoma kwa sauti ni mlinzi wa ushahidi. Kwa hiyo soma. Ukitaka kumlaani mwandishi, mlaani kwa jina lako mwenyewe, mahali pengine, kwa sauti hiyohiyo.

Kuna mtego mwingine wa maneno, na huu huwanasa hata wakutubi, samahani sana wakutubi. Ni tafsiri. Mtu anakuja mbio: Shakespeare alikufa mwaka 1616, basi naweza kurekodi Mabepari wa Venisi! Polepole. Shakespeare ni huru. Lakini Mabepari wa Venisi ni tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotoka mwaka 1969, na Mwalimu alifariki mwaka 1999. Hata kwa kipimo kifupi cha miaka 50 baada ya kifo, inafungwa hadi mwisho wa mwaka 2049. Mfasiri naye ni mwandishi. Kitabu kikiwa cha kutafsiriwa, uliza watu wawili walikufa lini.

Mtego huo unajificha pia kwenye dibaji na maelezo ya chini. Utendi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1858. Beti zake hazina anayeweza kukudai. Ila toleo lililochapishwa juzi lina utangulizi wa profesa, lina ufafanuzi wa maneno magumu, na hayo ni yake. Soma beti, acha maelezo. Najua utendi siyo riwaya, na mimi nimeitwa kuzungumzia riwaya. Lakini jamani, kazi zilizotungwa makusudi zisikike, tunaziacha zikae kimya ndani ya karatasi? Nimelisema, napita.

Sasa waliokwisha kuamua, na naona wapo, wasikilize mambo machache ya mkono.

Msinunue maikrofoni ya gharama. Nunueni ya kawaida ya kuchomeka kwenye kompyuta, na pesa iliyobaki wekeni akiba. Kinachoharibu rekodi ni chumba. Ukuta mtupu unarudisha sauti, nguo zinaimeza. Fungua kabati lako la nguo, kaa umeelekea ndani, soma. Jokofu lizime au lihame, kwa sababu sikio lako limelizoea ila maikrofoni haijalizoea. Programu ya kurekodi na kuhariri ipo ya bure, Audacity, na ya kujifunza siku ya kwanza ni kukata, kufuta na kuhifadhi tu. Kunywa maji kabla, siyo soda. Ukikosea, usisimamishe kurekodi. Piga kofi moja, anza sentensi upya. Baadaye kofi litaonekana kwenye mchoro wa sauti limesimama wima, utajua pa kukata. Mwisho wa sura acha sekunde tano za kimya, msikilizaji apumue.

Na hesabuni muda kwa ukweli. Saa moja inayosikika inaweza kukula saa mbili au tatu: kusoma, kurudia, kusafisha, kusikiliza. Kwa hiyo msianze na riwaya nzima. Nimewaona wengi walioanza kwa kishindo na kitabu cha saa 20, wakaishia sura ya nne, na kitabu kikabaki yatima. Anza na sura moja katika kitabu cha kushirikiana, ambacho wenzako wamebeba zilizobaki. Ukiipenda kazi, hakuna atakayekuzuia kuchukua riwaya peke yako.

Kwa wanaosoma Kiingereza, tumeamua kufanya Moby-Dick ya Herman Melville, iliyotoka mwaka 1851. Ndiyo ile ya sura 135, na baada ya hizo kuna hitimisho. Zipo za kurasa nyingi za maelezo ya nyangumi, mjue kabisa. Lakini sura ya 122 ina maneno machache sana, kama mistari mitatu hivi, na ni ya baharia anayeomba radi inyamaze apewe pombe. Karatasi ya kujiandikisha iko kwenye meza ya kushoto, na mwenye woga aniwahi kabla sura hiyo haijachukuliwa. Dada mwenye kipaza sauti, zungusha. Naona swali pale mbele.